Ule muziki wa kilio kwenye video ya msiba wa baba ni wa nani? Najibu leo mara moja tu

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Leo mnione hivi hivi, nimetoka shifti ya usiku. Nimewasha kamera kwa sababu nimechoka na komenti moja, kila siku ile ile, "dada ule muziki wa kilio ni wa nani?" Na wengine wanaongezea na la kwao, eti umefika Marekani juzi tu ushaacha kwaya unasikiliza vitu vya wazungu. Sijaacha kwaya. Wala sikuuweka ili nionekane msomi, mimi huku nabeba maboksi kama wengine, nalea wazee, na huo muziki nimeujulia kwa mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, kila jioni akishakunywa dawa anauweka, mwanzoni mwenzenu nilikuwa nasinzia.

Aliyeutunga anaitwa Samuel Barber. Kazaliwa 1910 West Chester, hapa hapa Pennsylvania, kwa gari kutoka kwangu hata lisaa halifiki. Baba yake daktari, na nyie mnajua mtoto wa daktari anatakiwa awe nini. Huyu ana miaka 9 akamwandikia mama yake barua, mimi nimeumbwa kutunga muziki, na tafadhali usiniambie nikacheze mpira. Miaka 9! Mimi nina 34 na mama mpaka leo hajui kama kile chuo cha uhasibu niliishia njiani. Mama kama unaangalia, tutaongea.

Ila msimsifie sana, koneksheni alikuwa nayo. Ndugu wa mama yake, Louise Homer, alikuwa muimbaji mkubwa wa opera, ile michezo ya kuigiza kwa kuimba, huko New York, na mume wa huyo mama ni mtunzi, ndiye aliyekuwa anampa ushauri. Mwaka 1924 chuo cha muziki cha Curtis Institute kinafunguliwa Philadelphia, na yeye huyo ndani, miaka 14.

Sasa ule muziki, unaitwa Adagio for Strings. Ulikuwa kipande cha katikati tu cha kitu alichoandika 1936 cha watu wanne, violini mbili, viola na cello, baadaye akaupanga upya upigwe na orkesta nzima ya nyuzi. Akamtumia Toscanini, kiongozi wa orkesta, kipindi hicho huyo mzee akiupiga muziki wako basi umetoka. Mzee akarudisha makaratasi bila hata neno moja. Barber akanuna, rafiki yake Menotti anaenda kumsalimia mzee yeye akabaki, akasingizia anaumwa, kumbe mzee keshaukubali, na tarehe 5 Novemba 1938 ukaenda hewani redioni. Toka hapo ukageuka wa misiba. Kafa Rais Roosevelt wa Marekani 1945, redio zinaupiga. Rais Kennedy 1963, hivyo hivyo. Na wakati hakuutungia msiba wa mtu yeyote!

Mimi nao umeniingia kwenye msiba. Baba amefariki wakati faili langu liko uhamiaji, ukitoka bila kibali umelifuta mwenyewe, na kibali nacho kina fomu yake na foleni yake, wakili kuongea naye tu analipwa. Kwa hiyo nimemzika baba kwenye simu, mtandao unakata kata. Walioandika "hela zimemzidi hata kuzika hataki" niliwasoma wote, majina ninayo.

Halafu ile video, ambayo ndiyo mmeangalia kuliko zote, ikapigwa klemu ya hakimiliki. Jamaa kafa 1981 lakini muziki una wenyewe bado. Hela ya matangazo haiji kwangu, nimekata rufaa, nimejaza fomu, nikajibiwa kwa fomu nyingine.

Na yeye hela zilimtesa, hii ndiyo iliyofanya nimpende. Mwaka 1939 tajiri wa sabuni wa Philadelphia, Samuel Fels, kamuagiza konseto ya violini, yaani violini moja inaongoza na orkesta inaifuata, ya kupigwa na kijana aliyekuwa anamlea, dola 1,000, nusu mkononi. Kazi imefika, kijana anasema sehemu ya mwisho haimfai, basi jamaa kabaki na ile 500 tu. Leo hiyo konseto inapigwa dunia nzima. Mteja wa hivyo nani hajakutana naye?

Tuzo ya Pulitzer, kubwa hapa Marekani, alichukua mara mbili, 1958 na 1963, hayo mtasoma wenyewe. Mimi kinachoniuma ni kwamba wenzake walikuwa wanahangaika na milio mipya ambayo huwezi hata kuitia mdomoni, yeye kang'ang'ania melodi, wakamuona wa kizamani. 1966 kapewa atunge opera ya kufungulia jumba jipya la opera la Metropolitan, New York, Antony and Cleopatra, majukwaa makubwa, mitambo ikagoma, magazeti yakamchinja. Baada ya hapo alivunjika, akawa mlevi, na kutunga kukawa kwa shida.

Kuhusu kuweka muziki wa watu kwenye video zenu, mimi nasema yaliyonikuta mimi, chaneli yako na hali yako unaijua mwenyewe, usije kusema dada alisema. Video ya baba siifuti, hiyo hela waile wao wenye muziki.

Nikipata ofu nitaenda West Chester, kazikwa hapo makaburi ya Oaklands, nitawarekodia. Na kabla hamjaandika: ndiyo, la baba bado sijaliona.