Kura Tatu: Rangi ya Mgombea katika Tanganyika, 1958 hadi 1962

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri na wanafunzi,

Tukiulizwa rangi ina nafasi gani katika kumpata kiongozi wa taifa, wengi wetu hukimbilia mifano ya Marekani, ilhali swali hilo lilikwisha kuulizwa hapa kwetu, tena juu ya karatasi ya kura. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, serikali ya kikoloni iliweka utaratibu uliojulikana kama kura tatu: mpiga kura, ambaye kwanza ilimpasa atimize sharti la elimu, wadhifa au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu 20,000 hivi, lakini viti vilikuwa sawa kwa sawa.

TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua kama isusie uchaguzi huo au iingie. Mwalimu Nyerere alishawishi iingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake kilichodai Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Baada ya hapo likatokea jambo ambalo waliotunga utaratibu ule, nadhani, hawakulitazamia. Kwa kuwa TANU haikuwa na wanachama wasio Waafrika, iliwaunga mkono watu kama Wazungu Derek Bryceson na Lady Chesham, na Mwasia Amir Jamal, na Mwafrika aliyelazimishwa kumpigia Mzungu kura akajikuta akiuliza ni Mzungu yupi aliye upande wa uhuru. Sheria iliyokusudiwa kuwagawa watu kwa rangi ikawafundisha kupima misimamo.

Novemba 1962 Nyerere na Mtemvu walishindania urais. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura, na matokeo hayo hutajwa mara nyingi kuwa ni ushahidi kwamba wananchi walikataa siasa ya rangi. Mimi nasita. Mtemvu alikuwa na chama dhaifu mbele ya chama kilichokuwa kimeleta uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia, na katika Bunge la Oktoba 1961, mjadala wa uraia ulipopamba moto, waliotaka uraia uwe wa Waafrika pekee walikuwamo ndani ya TANU yenyewe. Zaidi ya hayo, wagombea wote wawili walikuwa Waafrika, kwa hiyo mpiga kura alichagua kati ya hoja mbili kuhusu rangi, wala hakuulizwa kama yuko tayari kuongozwa na mtu wa rangi nyingine.

Swali hilo lilikuwa limefungwa mapema zaidi, mlangoni mwa chama. Bryceson na Jamal walikuwa mawaziri tangu 1959, lakini TANU ilifungua uanachama kwa watu wa rangi zote mwaka 1963, wakati rais alikwisha kuapishwa.