Usukani unaocheza: rotuli na fimbo za jipu kuukuu

Jambo kwenu wote. Jambo madereva, jambo vijana mnaojifunza kazi, na mama zetu wenye magari mliokubali kukaa katika vumbi hili la Katindo, hapa Goma, asubuhi ya Jumamosi. Nimeombwa niseme kuhusu usukani wa jipu lililozeeka. Nikisema jipu, wengi hapa mnaiona Land Cruiser kichwani, na mimi pia ndiyo ninayoiona, kwa sababu nimelala chini ya hizo zaidi ya miaka 20. Maneno yangu ni kwa zile zenye ekseli nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Zenye kremaye, ule usukani wa fimbo ya meno, zina habari yake nyingine.

Nianze na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mkono wa chukudu umekazwa juu ya gurudumu la mbele moja kwa moja. Ukigeuza mti, gurudumu limegeuka. Ukilegea, mwenye chukudu anausikia palepale mkononi, na anajua pa kugonga, kwa sababu ni mahali pamoja tu.

Jipu si hivyo. Kati ya kiganja chako na tairi kuna mlolongo. Kuna mti wa usukani na viungo vyake vya msalaba. Kuna boksi, ile tunayoiita boatiye, na mkono wa chuma unaotoka chini yake. Mkono huo unasukuma fimbo ya kwanza kwenda kwenye gurudumu moja, na fimbo hiyo ina rotuli, yaani kiungo cha tufe, kila ncha. Kisha iko fimbo ya pili, ndefu, inayofunga gurudumu la kulia na la kushoto ili yageuke pamoja, nayo ina rotuli mbili. Halafu beringi za pivo, pale gurudumu linapogeukia, juu na chini, kila upande. Halafu ruloma, yaani beringi za gurudumu lenyewe. Kila kimoja kikilegea kidogo, ulegevu wote unajumlishwa mkononi mwa dereva.

Tufanye hesabu ndogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Kwenye magari haya unazungusha usukani kiasi cha digrii 18 ili mkono wa boksi usogee digrii 1. Mkono wenyewe una urefu wa sentimita 18 hivi. Rotuli moja ya fimbo ya kwanza ikicheza milimita 1 tu, milimita ambayo jicho halioni kwenye giza la chini ya gari, dereva anaipokea kwenye ukingo wa usukani kama sentimita 2. Vitabu vingi vya magari haya vinaweka mwisho wa mchezo wa usukani kwenye milimita 30 au 40. Maana yake rotuli mbili zikicheza milimita moja moja zimekwisha kukufikisha mpakani, na hapo hatujagusa boksi.

Ndiyo sababu ninauma meno nikiona fundi analetewa gari linaloyumba, na kitu cha kwanza anachofanya ni kupanda na bisibisi kukaza ile skrubu iliyo juu ya boksi. Skrubu ile inasogeza meno ya ndani yakaribiane. Ukiikaza mno, boksi linabana, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na meno yanaliwa kwa miezi michache. Umeua boksi zima, bei yake mnaijua, na ugonjwa ulikuwa kwenye rotuli. Mwingine anabadilisha amotisa ya usukani, ile ya kutuliza mtikisiko, iliyolala mbele ya ekseli. Usukani unatulia wiki mbili na dereva anashukuru. Amotisa imefunika tu, kama mtu anayekunywa dawa ya homa huku kidonda kinaoza. Jipu likigonga shimo na usukani ukatetemeka kama unataka kung'oka mikononi, msikimbilie amotisa. Tafuteni kilicholegea.

Na hapa kwetu vitu vinalegea haraka. Tangu lava ya volkano ya Januari 2002 ipite katikati ya mji hadi ziwani, tumepasua barabara juu yake na tunaendesha juu yake. Jiwe lile ni gumu na lina makali, na vumbi lake ni msasa. Rotuli ni tufe la chuma ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake kuna kofia ya mpira. Jiwe moja likichana kofia ile, vumbi linaingia, mvua ya njia ya Masisi inaosha grisi, na tufe linaanza kusaga kikombe. Rotuli ya ndani kabisa ya mji, ile ya gari linalokwenda kanisani na sokoni, inaweza kukaa miaka. Yenye kofia iliyochanika haimalizi msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo mkiosha gari, angalieni mpira. Ukiona nyufa au grisi nyeusi imetapakaa nje, siku zake zimehesabiwa hata kama bado haijacheza.

Sasa kutafuta. Kazi hii inataka watu wawili na haitaki kriki, yaani jeki, mwanzoni. Gari lisimame chini kwa uzito wake, magurudumu yakiangalia mbele. Kama lina usukani wa mafuta, washa mota, yaani injini. Mmoja akae kitini, ageuze usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, bila kugeuza tairi, haraka haraka kama anayechekecha unga. Mwingine alale chini na akamate rotuli kwa kiganja kizima, vidole vikiwa nusu kwenye kikombe na nusu kwenye mkono wa chuma unaofuata. Usitazame, sikia. Rotuli nzima inasogea pamoja na jirani yake. Iliyokufa inakupiga kidole, tk, tk, kabla jirani hajasogea. Nenda kutoka boksi hadi gurudumu la mwisho, usiruke hata moja. Tazama pia kama boksi lenyewe linasogea kwenye chesi, kwa sababu bolti zake hulegea, na chesi ya gari lililofanya kazi kwenye mawe mengi hupasuka pale pale.

Baada ya hapo ndipo upandishe kriki na uweke vigogo chini ya ekseli. Shika tairi kulia na kushoto, sukuma na vuta: likicheza, rotuli za fimbo ndefu ndizo za kwanza kushukiwa. Shika juu na chini: likicheza, ni ruloma ya gurudumu au beringi za pivo. Utatofautishaje? Mwambie mwenzako akanyage freni. Mchezo ukipotea, ni ruloma. Ukibaki, ni pivo. Jambo dogo hili limeniokolea siku nzima za kufungua vitu visivyo na kosa.

Pivo sitazisema sana leo, ni mhadhara wake peke yake, pamoja na vile vibati vyembamba vya kupima mkazo, ambavyo kila kimoja lazima kirudi upande na mahali kilipotoka. Niseme tu kwamba ukiona mafuta ya difu, yale ya gia za ndani ya ekseli, yanachuruzika juu ya lile tufe kubwa nyuma ya gurudumu, sili ya ndani imekwisha na grisi ya mle imekuwa uji.

Turudi kwenye rotuli. Umeipata mbaya, unataka kuitoa. Shina la rotuli lina umbo la koni, limeingia kwenye jicho la mkono wa chuma na kung'ang'ania humo. Kinachoshika ni koni. Nati kazi yake ni kuivuta iingie. Kijana mwenye haraka anafungua nati na kuipiga shina nyundo kutoka chini. Anaharibu hesi, ile mikato inayoshika nati, shina linavimba kama uyoga, na sasa haitoki wala hairudi. Fanyeni hivi. Nyoosha gupiye, kile kipini cha waya chenye miguu miwili, ukitoe. Legeza nati lakini usiitoe, iache na hesi chache ili fimbo isikuangukie usoni. Kisha weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho, na upande wa pili piga pigo moja la nguvu na nyundo nyingine. Unapiga jicho kutoka ubavuni, shina usiliguse. Jicho linajibana kwa nukta ndogo, koni inaruka. Utasikia mlio wake, ukishausikia mara moja hutausahau. Mwenye kivutio cha rotuli akitumie, ni bora zaidi.

Kabla ya kufungua klipu inayobana ncha ya fimbo na kuizungusha rotuli itoke kwenye fimbo, pima. Pima kutoka katikati ya shina moja hadi katikati ya shina la pili, uandike kwa chaki sakafuni. Hesabu pia mizunguko wakati inatoka. Na mkumbuke fimbo ndefu ina hesi mbili tofauti: ncha moja inakaza kulia, nyingine inakaza kushoto. Nimeona fimbo nzuri imepindwa kwa bomba la mita mbili kwa sababu mtu alikuwa anakaza akidhani anafungua.

Kufunga ni kurudi njia ileile, lakini na usafi. Futa jicho kwa kitambaa mpaka ling'ae, na shina liwe kavu. Ingiza rotuli mbili kina sawasawa. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu, halafu tafuta tundu la gupiye. Meno ya nati yasipolingana na tundu, kaza mbele mpaka jino linalofuata. Usirudishe nyuma hata robo.

Na gupiye iwe mpya. Hapa niwaambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana wa garaji, nilibadilisha rotuli ya fimbo ya kwanza jioni, mwenye gari anasubiri, gupiye zimekwisha. Nikapitisha waya wa kufungia mabati, nikauzungusha. Gari likatoka kwenda Sake na magunia ya maharagwe. Karibu na Mugunga waya ulikatika, nati ikajifungua kwa mtikisiko, shina likatoka. Dereva aligeuza usukani, usukani ukazunguka kama wa gari la mtoto, na magurudumu yakaendelea yalikotaka. Alikuwa anakwenda taratibu kwa sababu ya mawe, jipu likapanda rundo la lava likasimama. Hakuna aliyeumia. Aliporudi hakunitukana, aliniwekea ule waya mkononi akaenda zake. Kopo la gupiye halijawahi kuwa tupu kwenye garaji yangu tangu siku ile.

Naona yaya, dada yetu mkubwa, pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kuhusu rotuli za kuchomelea, maana bei yake ni ndogo. Yaya, ninajua mfuko ulivyo. Lakini chuma cha tufe kimepewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichomelea unauondoa ugumu ule, upande mmoja kinakuwa laini, upande mwingine kinakuwa kama kioo. Kikipasuka hakitoi ilani. Pesa zikiwa chache, badilisha mbili za fimbo ya kwanza mwezi huu na mbili za fimbo ndefu mwezi ujao, na katikati upunguze mwendo. Kuchomelea, hapana. Na ile ya kujaza vipande vya mpira wa tairi ndani ya kikombe, hapana vilevile.

Kuhusu kununua: vipuri vingi vinatufikia kupitia Kampala, na kule usukani uko kulia. Hapa wengi tuna usukani kushoto. Rotuli za fimbo ndefu mara nyingi hazijali, ila fimbo ya kwanza, boksi na mkono wake ni vya upande. Beba cha zamani mkononi uende nacho dukani Birere, linganisha unene wa shina, hesi, na upande wa hesi. Kamata rotuli mpya na uzungushe shina kwa vidole: nzuri inakataa kidogo na inakwenda kwa uzito uleule pande zote. Inayoyumba mkononi ikiwa mpya, irudishe kwenye boksi lake la karatasi, hata kama limeandikwa Japani.

Mwisho paralelisimu, yaani jinsi magurudumu mawili ya mbele yanavyoangalia mbele sambamba. Ukishabadilisha, lazima upime, hata kama ulihesabu mizunguko. Gari kwenye sakafu sawa. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, kwa usawa wa ekseli. Pima kati ya alama mbili. Sukuma gari mbele nusu mzunguko, alama zije mbele, pima tena. Mbele pawe pafinyu kuliko nyuma kidogo sana; kwa tairi za radiali ni kama milimita 1 au 2, na kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Rekebisha kwa kuzungusha fimbo ndefu, kaza klipu. Usukani ukikaa umepinda gari likienda moja kwa moja, usiung'oe kuuweka upya. Boksi limetengenezwa likaze vizuri zaidi likiwa katikati, na unataka katikati ile iwe wakati gari linanyooka. Rekebisha urefu wa fimbo ya kwanza mpaka usukani unyooke wenyewe.

Nje kuna Land Cruiser ya jirani yetu, mota inawaka, na kijana wangu yuko kitini. Rotuli moja kati ya nne imekufa, na sitawaambia ni ipi. Njooni watatu watatu, mlale chini, mshike zote nne, halafu kila mtu aniambie sikioni.