Mita 400 Kutoka Mlangoni

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana mnaoanza kazi halmashauri, hamjambo. Sitakaa sana, najua chai iko tayari.

Mwaka 1971 serikali yetu ya Tanzania ilijipa miaka 20: kila mwanakijiji achote maji safi, asitembee zaidi ya mita 400. Mwaka 1991 ukafika, ukapita. Fungueni Sera ya Maji ya mwaka 2002, mtazikuta mita zile zile 400 zinatungoja.

Msiniambie tulikosa misaada. Wafini walikuwa Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Waswidi huko Kanda ya Ziwa. Kila mfadhili na mkoa wake, na pampu yake pia. Kampira ka pampu kakichakaa, ka pampu ya huku hakaingii kwenye ile ya kule. Nimeona kisima cha mamilioni kimelala kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani, mpini umefungwa kamba, mbuzi wanajikuna kwenye nguzo yake.

Wenzangu husema wanakijiji hawatunzi miradi. Kwa miaka mingi tuliwaambia maji ni bure. Kisha sera ikageuka: gharama zote za uendeshaji ni zenu, undeni chombo chenu cha watumia maji, mchange. Nani aliwauliza? Halmashauri za wilaya zenyewe tulizivunja mwaka 1972, zikarudi mwaka 1984. Muda wote huo mtaalamu aliripoti juu, mkoani, na mazoea hayo hayakuondoka na mfumo.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wataalamu hao. Kijiji kimoja, sitakitaja, niliitisha mkutano mkuu chini ya mwembe. Wanaume wamekaa mbele kwenye viti vya shule, akina mama nyuma, kwenye khanga zao. Nikaonyesha mahali pa kuchimba: kando ya barabara, gari la mitambo lingefika bila taabu. (Na la mgeni rasmi, tusidanganyane.) Nikauliza kama kuna mwenye hoja. Kimya. Wanaokubali? Mikono yote juu. Nikaandika kwenye muhtasari, "Wananchi wameridhia," nikala kuku, nikaondoka.

Miaka mitatu baadaye nikarudi. Pampu imekufa, na wanawake wanachota bondeni, kwenye madimbwi waliyoyachimba kwa mikono. Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anajitwisha dumu, nikamuuliza mbona waliiacha pampu.

"Mwanangu, maji yake yalikuwa ya chumvi. Hapo barabarani pote ni chumvi, hata bibi yangu alijua."

"Sasa mbona siku ile mlinyoosha mikono?"

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Tungekataa, gari si lingekwenda kijiji cha pili?"

Akaweka kata vizuri kichwani, akapandisha mlima. Mimi nikabaki pale bondeni na faili langu. Muhtasari ule bado ninao, una saini na mhuri wa kijiji. Atakayetaka kuuona anifuate wakati wa chai.