Saa za Kithai kwa msemaji wa Kiswahili

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo tunajifunza kutaja saa kwa Kithai, na tangu mwanzo nawaomba jambo moja: msipitie Kiingereza. Anayejifunza kwa Kiingereza huambiwa kwamba saa za Thailand ni fumbo. Kwa mtu aliyekua akisema saa mbili usiku, nusu ya fumbo hilo halipo.

Anzeni na usiku, maana ndio rahisi. Giza likiingia, Mthai huanza kuhesabu upya kama sisi: nueng thum, song thum, sam thum, si thum, ha thum. Nueng ni moja, song mbili, sam tatu, si nne, ha tano. Basi nueng thum ni saa moja usiku, song thum ni saa mbili usiku, hivyo hivyo mpaka ha thum, saa tano. Saa sita ya usiku ina jina lake, thiang khuen, kama ile ya mchana inavyoitwa thiang. Hapo hakuna cha kujumlisha wala kutoa.

Neno thum ni mlio wa ngoma. Zamani saa zilitangazwa kwa kupigwa: mchana upatu, ukasikika mong; usiku ngoma, ikasikika thum. Kuanzia saa saba ya usiku neno hubadilika likawa ti, maana yake "piga". Utaratibu huu wa kuigawa siku mafungu manne ya saa sita sita uliwekwa rasmi mwaka 1901, enzi za Mfalme Chulalongkorn.

Kwa kuwa kila fungu lina saa sita, saa zetu za saba hadi kumi na mbili hupunguzwa sita. Saa nane usiku, nane toa sita ni mbili: ti song. Saa kumi na moja alfajiri ni ti ha. Angalieni mpangilio: ti hutangulia namba, thum kwa kawaida hufuata. Mchana ni hesabu ile ile, ila neno ni bai. Saa nane mchana ni bai song mong, saa tisa ni bai sam mong. Saa saba ni bai mong tupu. Anayesema "bai nueng mong" hujulikana papo hapo kuwa ndio kwanza anajifunza. Ikifika saa kumi wengine husema bai si mong, wengine si mong yen, na zote ni sawa. Yen ni ubaridi, ule wa jua kupungua makali. Saa kumi na moja ni ha mong yen, na kumi na mbili jioni ni hok mong yen, hok ikiwa sita.

Sasa asubuhi, ambako ndiko watu wetu hupotea. Saa kumi na mbili ni hok mong chao. Chao ni asubuhi. Baada ya hapo, kwa hesabu ya kale, saa mbili asubuhi ni song mong chao, sawasawa na yetu, na bado mtaisikia, hasa kwa wazee. Lakini watu wengi leo hawarudi kwenye moja. Huendelea na jet, paet, kao, sip, sip et, yaani saba hadi kumi na moja, kama mshale unavyoonyesha kwenye uso wa saa. Kwa hiyo saa mbili asubuhi ni paet mong chao, na saa tatu ni kao mong chao. Jumlisha sita, lakini asubuhi tu.

Hebu tuichukue tano peke yake. Ti ha ni saa kumi na moja alfajiri. Ha mong chao, kwa mzee, ni saa tano asubuhi. Ha mong yen ni saa kumi na moja jioni. Ha thum ni saa tano usiku. Namba ile ile, nyakati nne tofauti. Ndiyo maana tunasisitiza mjifunze maneno ya mafungu kabla ya namba. Aliyeshika namba akaacha neno lake hajashika kitu.

Mkiwa na shaka, rudieni saa hiyo kwa mtindo wa serikali, unaohesabu mpaka ishirini na nne kwa neno nalika: "Kao nalika, chai mai?", chai mai ikiwa "sivyo?" Kwa adabu, mwanamume amalizie na khrap, mwanamke kha. Huo ndio mtindo wa redio na matangazo ya stesheni.

Nusu ni khrueng: song thum khrueng, saa mbili na nusu usiku. Kwenye nalika haitumiki. Hapo husemwa sam sip nathi, dakika thelathini. Robo haina neno, semeni dakika kumi na tano, sip ha nathi. Kasoro hutanguliwa na ik: ik sip nathi song thum, zimebaki dakika kumi iwe saa mbili. Na msichanganye song mong na song chua mong. Chua mong ni muda, yaani saa mbili za kusubiri.

Matamshi. Th ya thum si ile ya thelathini. Ni t inayotoka na pumzi, wakati t ya ti haina pumzi. Wenyeji wa Mombasa wanaijua tofauti hii katika p: paa la nyumba na paa wa porini. Toni nazo zina uzito. Kao ya tisa huanza juu ikashuka. Ukiitamka chini tangu mwanzo, umesema "kuukuu".

Kwa wanaopiga simu, wakiwemo wauza vito wa Arusha wenye wateja Bangkok: huko wako mbele yetu saa nne. Saa kumi jioni hapa, kule ni song thum.

La mwisho ni tiketi. Huandikwa kwa nukta na herufi น ya nalika: 00.30 น. Basi la 00.30 la Jumapili huondoka usiku wa kuamkia Jumapili, na wanaokosea hufika stesheni Jumapili usiku, basi limeondoka usiku uliotangulia. Mwenye tiketi hiyo awe kituoni Jumamosi, ha thum khrueng, saa tano na nusu usiku.