Diwali lini mwaka huu? Muulize mvuvi wa dagaa

Haya jamani, mbele hapa viti vipo, msisimame mlangoni kama mnadai. Nimeambiwa niongelee Diwali, ile sikukuu ya taa ya Wahindu, na mimi si Mhindu, ni mwalimu wa jografia mstaafu wa hapahapa Tanga, nimekulia Ngamiani barabara ya nane na dirisha letu lilitazamana na duka la vitambaa la Banyani mmoja, kwa hiyo nitakayosema mengine nimesoma, mengine nimechungulia tu.

Kila mwaka naulizwa swali lilelile, mwalimu, Diwali lini? Maana 2023 ilikua tarehe 12 Novemba, 2024 ikarudi nyuma 31 Oktoba, 2025 ikarudi tena 20 Oktoba, halafu 2026 inaruka mbele hadi 8 Novemba. Watu wanasema hawa jamaa wanajipangia tu. Hawajipangii bana. Nendeni pale Deep Sea mkamuulize mvuvi wa dagaa, mzee giza linaingia lini? Giza si mnalijua, zile siku mwezi haupo kabisa, ndo mashua zinatoka na karabai zao, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hana habari na taa yako. Basi Diwali ni giza hilohilo. Ni usiku mweusi kuliko wote wa mwezi mzima, wao wanauita amavasya, na siku moja mbili baadae hapa ufukweni bamvua linajaa. Sa mtu anawasha taa lini kama si usiku huo? Kitaa cha udongo kidogo kama kiganja cha mtoto, ndani samli au mafuta, utambi wa pamba umesokotwa kwa vidole, ukikiwasha mwezi mpevu hata hakionekani.

Sasa giza kwa mwaka yapo 12 au 13, ni lipi? Ni lile linaloangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na hapo ndo pana ujanja. Sisi Waislamu mwaka wetu wa mwezi una siku 354 hivi, pungufu siku 11 na jua, tunaziacha ziende, ndo maana Ramadhani nimeifunga kwenye kaskazi na nimeifunga kwenye masika. Wahindu wana pungufu hilohilo ila sikukuu yao wanataka ikae na msimu, mvua za kule zimeisha, mavuno yanaingia. Kwa hiyo wanaziacha siku zirundikane, zikikaribia mwezi mzima wanachomeka mwezi wa ziada, unaitwa adhik, kila baada ya miezi kama 32 na nusu hivi. 2023 waliuchomeka Julai na Agosti, 2026 umekaa kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni. Ndo hiyo ruka mnayoiona, rudi, rudi, ruka.

Na sio hilo tu. Siku ya mwezi kwao, tithi, haianzi saa sita usiku wala magharibi kama tulivyozoea sisi wa pwani, kwamba jioni ya Alhamisi ndo usiku wa Ijumaa. Tithi inatimia mwezi ukishaachana na jua kwa nyuzi 12 katika zile 360 za duara, zikitimia nyingine 12 inaingia tithi nyingine, sa mwezi una mbio zake, leo polepole kesho haraka, kwa hiyo tithi moja inaweza kuwa saa 20 na nyingine 26, na inaweza kuingia saa tisa mchana bila kumuomba mtu ruhusa. 2024 walivutana kweli kule India. Amavasya iliingia tarehe 31 Oktoba saa tisa na dakika 52 alasiri kwa saa zao, ikatoka kesho yake saa 12 na dakika 16 jioni. Ibada ya Lakshmi, huyu mungu wao wa kike wa mali na neema, inafanywa jua likishazama na amavasya iwepo, sasa tarehe 1 jua lilizama na ile tithi bado ina dakika zake chache, wengine wakasema ni leo, wengine wakasema ilikua jana, miji mingine ikasherehekea siku hii na mingine siku ile. Huku kwetu hakuna cha kuvutana, India wapo mbele yetu saa mbili na nusu, kwa hiyo kwa saa ya Tanga ilitoka saa tisa na dakika 46 alasiri, jua bado lipo juu, tarehe 31 ndo Diwali basi.

Mimi sa nikajifanya najua. Kesho yake, Ijumaa tarehe 1, nikavaa kanzu safi baada ya swala nikaenda kwa jirani kumpa mkono wa mwaka mpya, maana Wagujarati, Wahindi wenye asili ya jimbo la Gujarat, mwaka wao unaingia baada ya Diwali. Nakuta mama wa nyumba anakwangua sufuria barazani, akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu, leo si kitu, leo dhoko, njoo kesho! Kumbe Diwali wanaipima jioni ila mwaka mpya wanaupima alfajiri, jua likichomoza na amavasya bado ipo basi mwaka haujaingia, siku inabaki katikati haina mwenyewe. Nikarudi Jumamosi nikasema Sal Mubarak, yaani mwaka wenye heri, nikala vitafunwa vyao, ghughra na chakri. Msishangae hiyo mubarak, neno limetoka kwa Waarabu likafika Gujarat kama lilivyofika kwetu. Na mwaka ulioingia siku hiyo kwao ulikua 2081.

Hadithi za kwa nini mtazisikia nyingi, mungu wao Ram kurudi mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho, mungu Krishna kumuua jitu Narakasura, kule Bengal wao usiku huohuo ni wa mungu wa kike Kali, Wajaini, dini nyingine ya India, wanamkumbuka mwalimu wao Mahavira, Masingasinga wana kiongozi wao Guru Hargobind alivyotolewa gerezani Gwalior, sina ugomvi na yeyote. Na tusimtakie Diwali kila Muhindi tunayemuona, Bohora na Ismailia ni Waislamu wenzangu.

Lakini mimi Diwali niliyoiona utotoni ilikua ya madaftari. Wanaiita chopda pujan, ibada ya kubariki madaftari ya hesabu za duka. Yule mzee wa duka la vitambaa alifagia duka tangu siku ya Dhanteras, ile ya kufungulia Diwali, mlangoni mkewe akachora maua ya unga wa rangi, jioni ya giza likawekwa daftari jipya la jalada jekundu, refu, la kufungwa kwa kamba. Ukurasa wa kwanza hakuandika hesabu, aliandika Shri, neno lao la heshima na baraka, chini yake Shri mbili, chini tatu, mpaka ikawa kama kichuguu, pembeni Shubh na Labh, yaani heri na faida, akachora na ile alama ya mikono iliyokunjwa, swastika, ambayo Hitler aliiharibia jina, kwao ni ya baraka tangu enzi. Siku hizi naona laptopu ndo inapakwa kunkuma, ule unga mwekundu wa ibada, sawa tu, hesabu ni hesabu.

Halafu duka likafungwa. Bhai Beej ikapita, siku kaka anakwenda kula kwa dada yake, na hapo niwachekeshe, kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo na dada ni babu mzaa baba, fikirieni tulivyokua tunapishana. Siku ya tano ya mwaka, Labh Pancham, duka likafunguliwa. Mama yangu alikua na deni la doti mbili za kanga, akanipeleka nikachungulie, maana kasikia daftari ni jipya. Nikaingia, mzee akanipa peda, kitamu chao cha maziwa, akafunua ule ukurasa wenye kichuguu cha Shri, akafunua na wa pili. Mstari wa juu kabisa, jina la mama.