Kabla Hujalipia Mashine ya Kuchapia Picha

Karibuni wapenzi wa kuchapa. Tupo Kirumba, Mwanza, na hii hapa ni mashine ya rola mbili, yenye meza inayopita katikati. Tuikague.

Kwanza jua kazi yako. Ukichonga lino (shiti laini ya kuchonga) au mbao, wino unakaa juu, nguvu kidogo inatosha. Kwenye bamba la shaba au zinki wino umejificha ndani ya mikwaruzo, na karatasi iliyoloweshwa lazima isukumwe iufuate humo. Hapo ndipo rola inapojulikana.

Laza rula ya chuma juu ya rola, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, achana nayo, au mpelekee fundi wa kukereza vyuma. Rola nyembamba na ndefu inapinda ikibanwa: picha inakolea pembeni, katikati inapauka. Meza ikizidi upana wa sentimita 60, dai gia. Usukani mtupu utakuvunja mabega.

Sasa kukaza, na hapa twende polepole. Toa blanketi zote, yaani vitambaa vinavyolala kati ya rola na karatasi. Kata vipande viwili vya gazeti, kimoja kila ncha chini ya rola. Kaza skrubu ya kushoto robo mzunguko, kisha ya kulia robo. Usimalize upande mmoja kwanza! Vuta vyote viwili. Sogeza kamera hapa... mnaona? Cha kulia kinachomoka, cha kushoto kimeng'ang'ania. Tukichapa hivi meza itakwenda upogo na blanketi zitajikunja. Legeza zote, anza upya. Robo, robo. Narudia: robo, robo. Vipande vyote vikishika sawasawa, weka alama ya rangi kwenye skrubu.

Blanketi ziwe za sufu halisi: nyembamba igusane na karatasi, nene ikae juu. Kingo za bamba zipigwe tupa mshazari, la sivyo zitazikata. Mashine isiyo na vizuizi miisho ya meza usiinunue. Meza ikichomoka inaangukia miguu yako.

Unyevu wa ziwa unaleta kutu haraka. Paka rola mafuta mepesi ukimaliza, uyafute kabisa kabla ya kuchapa, maana yanatia doa. Na legeza skrubu kila jioni, blanketi zisibonyee.

Wenye studio mlimani Mabatini, chukueni inayofunguka vipande. Kwenye yale mawe inapanda kwa mabega ya watu.

Haya, nalegeza, narudisha blanketi, halafu robo, robo. Lete karatasi.