Bastola Ipi Haikwami?

Asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo. Nashukuru mmeacha bastola zenu nyumbani kama nilivyoomba, mkaja na magazini tupu, vile visanduku vinavyolisha risasi. Zishikeni kwanza, tutazihitaji mwishoni.

Nimefanya ufundi wa silaha kwa miaka mingi, na hakuna arusi wala matanga niliyokaa nisiulizwe swali moja: "Mzee, baina ya Ceska na Glock, ipi bora?" Zamani nilikuwa najibu. Siku hizi namuuliza aliyeniuliza: ipi kati ya Ceska zote, imetoka kiwanda gani, inalishwa risasi gani, na mara ya mwisho kufunguliwa ikasafishwa ilikuwa lini? Hapo mazungumzo huhamia kwenye biriani.

Leo hamna pa kukimbilia, basi tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Ubora ni jinsi kitu kilivyotengenezwa: chuma chake, vipimo vyake, rangi iliyoshika vizuri. Kuaminika ni kitu kingine. Kuaminika ni hesabu. Umefyatua risasi ngapi kabla haijagoma? Ziko bastola nzuri kama pete ya harusi, zimepigwa msasa mpaka unajiona usoni, na zinakwama kila magazini ya pili. Na ziko zenye sura ya nyundo ya seremala, hazikwami.

Hesabu hiyo ina historia yake. Wamarekani walipokuwa wakitafuta bastola mpya ya jeshi, majaribio yalianza 1907. Mjerumani alileta Luger, Savage wakaleta yao, na Colt wakaleta kazi ya mbunifu wao, John Browning. Mjerumani alijitoa mapema, wakabaki wawili. Machi 1911 kila bastola ikafyatuliwa risasi 6,000. Unapiga mia, unaipumzisha dakika chache ipoe, unapiga mia nyingine. Ikizidi moto wanaichovya ndani ya maji. Savage ilikwama mara 37. Colt haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 mwezi huohuo ikapitishwa, na ndiyo hiyo mnayoiita "nineteen eleven", jina lake ni mwaka wake.

Lakini angalieni nini kilichoshinda pale. Ilishinda bastola iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, Browning mwenyewe akiwa karibu, kwa risasi zilizochaguliwa. Leo 1911 inatengenezwa na viwanda chungu nzima duniani, kwa bei ya kila aina, na anayeinunua anadhani amenunua ile sifuri ya mwaka ule. Ile sifuri ilikuwa ya bastola ile.

Sasa tuje kwa Glock, maana nawaona vijana wa mbele wamechoka na babu zao. Mwaka 1980 jeshi la Austria lilitaka kuachana na Walther P38, bastola ya enzi za vita. Wizara ikatoa masharti 17. Mojawapo nalipenda kwa unyoofu wake: katika risasi 10,000 za kwanza, isikwame zaidi ya mara 20. Basi. Haijali jina la babu yako. Waliojitokeza walikuwa wakubwa: Heckler & Koch, SIG, Beretta, FN wa Ubelgiji, na Steyr, kampuni ya nyumbani kwao hukohuko Austria. Na katikati yao akaingia Gaston Glock, mtu aliyekuwa na karakana Deutsch-Wagram akitengeneza fito za mapazia na visu vya jeshi. Hakuwahi kuunda bunduki. Alishinda, na 1982 jeshi likaichukua kwa jina la P80. Wengi hudhani namba 17 ya Glock 17 ni hesabu ya risasi zake, kwa kuwa magazini yake kweli inabeba 17. Jina lenyewe limetokana na hataza yake ya 17, yaani hati ya haki ya uvumbuzi.

Kwa nini haikwami kirahisi? Sehemu zake ni chache, thelathini na kitu tu, na fremu, kile kiwiliwili chenye mpini, ni ya plastiki, kwa hiyo jasho letu hili la pwani haliitii kutu mahali pengi. Nawaambia kama fundi: Mombasa, chumvi ya hewa ni adui mkubwa wa bastola kuliko mchanga. Waingereza nao 2013 waliacha bastola yao ya Browning ya miaka mingi wakanunua Glock zaidi ya 25,000 kwa pauni milioni 9. Pigeni hesabu wenyewe mwone kila moja iliwagharimu kiasi gani pamoja na vifaa vyake. Ni chini ya bei ya pikipiki.

(Sauti kutoka nyuma: "Kwa hiyo Glock!") Subiri mwanangu, usikimbilie dukani.

Beretta ni kampuni kongwe kuliko zote nitakazozitaja. Iko hati ya 1526 ya mitutu 185 waliyouzia ghala la silaha la Venice. Mwaka 1526! Ngome yetu hii ya Yesu ilikuwa bado miaka 67 hata kuanza kujengwa. Jina zito kuliko hilo utalipata wapi? Mwaka 1984 Wamarekani wakafanya mashindano tena. Bastola nane ziliingia, mbili tu zikafaulu, Beretta 92 na SIG P226. Kwa ubora zilikaribiana mno. Kilichoamua ni fedha: SIG ukihesabu magazini na spea zake ikapanda bei, Beretta ikashinda, ikawa M9.

Kisha 1987 slaidi zikaanza kupasuka. Slaidi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua. Sasa fikiria kinakatika vipande viwili na kipande cha nyuma kinakujia usoni. Wapo walioumia, na wa kwanza walikuwa makomando wa jeshi la majini, watu wanaofyatua risasi nyingi kwa siku moja kuliko polisi wa kawaida kwa mwaka. Beretta wakasema risasi za jeshi zilikuwa na shinikizo kupita kiasi. Wengine wakanyoosha kidole kwenye chuma. Ubishi ukawa mrefu. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo mpaka inachekesha: pini ya nyundo ikaongezewa kichwa kikubwa, ili slaidi ikivunjika inaswe palepale isiruke. Ile 92FS mnayoiona leo ndiyo yenye pini hiyo. Makomando hawakungoja, wakahamia SIG. Jeshi likarudia majaribio 1988, na Beretta ikashinda tena.

Ndugu zangu, nani alikuwa sahihi, makomando au jeshi? Mimi naona wote wawili. Bastola ileile ni imara kwa askari anayepiga risasi mia kwa mwaka, na ni hatari kwa anayepiga maelfu. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni kazi iliyopewa.

Sasa Ceska, maana magazeti yetu hapa Kenya yakiandika habari ya jambazi ni ama Ceska ama Jericho, kama kabila mbili zilizogombana. Waandishi mliopo leo, andikeni hili: Jericho ni mpwa wa Ceska. CZ 75, ndiyo hiyo Ceska, iliundwa Czechoslovakia na ndugu wawili, akina Koucký, kwenye kiwanda cha Uherský Brod. Serikali ya kikomunisti ikaifanya hataza yake siri ya ndani ya nchi. Matokeo yake, nje hapakuwa na ulinzi wowote, na kila mwenye kiwanda akanakili. Italia wakanakili, Tanfoglio. Uturuki, China, Uswisi. Waisraeli nao wakachukua vipande vya Tanfoglio wakaunda Jericho 941 mwaka 1990. Hiyo 941 ni 9 na 41, kwa sababu iliuzwa na mitutu miwili, mmoja wa milimita 9 na mwingine wa risasi ya .41 ambayo leo utaitafuta kwa tochi.

Ukizishika zote mbili utaona undugu wake. Slaidi inapita ndani ya fremu, si juu yake kama bastola nyingi. Inakaa chini mkononi, inatulia, inalenga vizuri. Ubaya wake ni kwamba chuma cha kushika unapovuta slaidi kinakuwa kidogo. Mikono ikiwa na jasho au mafuta ya samaki, kazi unayo. Nimewaona walinzi wakihangaika nayo mpaka huruma. Hilo si kukwama, lakini usiku wa shida tofauti yake ni ndogo.

Jina la SIG lina mkasa mwingine. Wao ni Waswisi walioanza 1853 kwa kutengeneza mabehewa ya reli. Mwaka 2000 wakauza kitengo cha silaha. Kiwanda cha Ujerumani kilichobeba jina hilo kilifungwa 2020, na leo bastola hizo zinatoka New Hampshire, Marekani. Colt nayo, Colt ya Browning, ilinunuliwa 2021 na Wacheki wa CZ. Basi anayebishana barazani kwamba Colt ni bora kuliko Ceska, anabishana kuhusu mifuko miwili ya suruali moja.

SIG hao ndio walioshinda shindano la jeshi la Marekani la 2017 kwa bastola yao P320, na Glock wakalalamika rasmi wakashindwa. Agosti mwaka huohuo ikaonekana kuwa ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kulia yenyewe: kifyatulio kilikuwa kizito, kikajivuta kwa uzito wake. Kampuni ikatangaza kubadilisha vipuri bure. Kesi bado zipo mahakama za Marekani kwa madai kwamba inalia bila kuguswa, na kampuni inakanusha. Sitawahukumia, ila nawakumbusha kwamba hii ni bastola iliyotoka kushinda.

Sasa magazini zenu. Nitawapa kisa. Kampuni moja ya ulinzi, si lazima niitaje, iliniita ikisema bastola zao, za jina kubwa kabisa, ni mbovu zote. Ganda la risasi iliyopigwa lilikuwa linabaki limesimama mlangoni, pale linapotokea, kama sigara. Nikafungua sita. Mitutu safi, kucha za kung'oa ganda nzima. Nikaomba magazini. Zilikuwa kwenye ndoo! Zimedondoshwa sakafuni kila zamu, midomo ya juu inayoshika risasi imepanuka, springi za nyingine zimelegea, na tatu hazikuwa za kiwanda bali za bei rahisi. Wamarekani wenyewe walilia na M9 kule Iraq, na sehemu kubwa ya lawama ikawa magazini za mkandarasi zilizopakwa rangi ya kukwaruza iliyoshika mchanga kama gundi.

Kwa hiyo mtafanya hivi. Chukua rangi ya kucha ya mkeo, kwa idhini yake, uandike namba chini ya kila magazini. Bastola ikikwama, andika ni namba ngapi na risasi za boksi gani. Ikigoma na namba 3 peke yake, mhalifu umempata. Ikigoma na zote kwa risasi za boksi moja, badilisha risasi. Ikigoma na zote kwa risasi zote, hapo ndipo uniletee bastola.

Haya, wa mstari wa mbele, wekeni zenu mezani. Hii hapa ya nani? Iangalieni kwenye mwanga, mdomo wa kushoto umekaa juu kuliko wa kulia.